Barua kwa Mhariri: Wanawake waliopelekwa Australia hawakuhukumiwa kwa umalaya

Bwana Mhariri,

Nimesoma, tena mara mbili, makala mliyoichapisha wiki mbili zilizopita kuhusu wafungwa wa Kiingereza waliopelekwa kuanzisha koloni la New South Wales, huko Australia, na ninaomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji ili nisahihishe jambo moja. Habari za wanaume mwandishi wenu amezieleza vizuri: minyororo, mawe waliyovunja, barabara walizochimba. Alipofika kwa wanawake alimaliza kazi kwa sentensi moja tu, kwamba walikuwa malaya waliozolewa katika mitaa ya London ili wawatulize wanaume wa koloni. Mimi ni mwalimu wa ushonaji niliyestaafu, si mwanahistoria. Lakini habari za wanawake hao nimezifuatilia kwa miaka mingi, kwa sababu ya kitambaa kimoja nitakachokieleza huko mbele, na sentensi ile imeninyima usingizi.

Kwa sheria za Uingereza za wakati ule, umalaya haukuwa kosa la kumpeleka mtu ng'ambo. Kati ya wafungwa kama 162,000 waliopelekwa Australia tangu mwaka 1788 hadi 1868, wanawake walikuwa kama 25,000, na wengi wao walihukumiwa kwa wizi. Na wizi wenyewe ulikuwa wa vitu ambavyo mtumishi wa nyumbani huvishika kila siku kwa mikono yake, kama shuka, kijiko cha fedha, gauni la mama mwenye nyumba au kipande cha kitambaa. Adhabu ilikuwa miaka 7, miaka 14 au maisha. Mary Wade hakuwa amefika umri wa miaka 14 alipohukumiwa kunyongwa mjini London, Januari 1789, kwa kosa la kumvua mtoto mwenzake nguo, yeye na rafiki yake, na kwenda kuiweka rehani. Baadaye adhabu ya kifo ikageuzwa, akapandishwa meli iitwayo Lady Juliana pamoja na wanawake zaidi ya 200, wakafika Sydney Juni 1790. Alikufa mwaka 1859, akiacha watoto, wajukuu na vitukuu zaidi ya 300. Nauliza kwa heshima: mtoto huyo naye yumo katika sentensi ya mwandishi wenu?

Neno lile lina wenyewe. Luteni Ralph Clark, afisa wa askari wa majini katika msafara wa kwanza wa meli 11 ulioondoka Portsmouth tarehe 13 Mei 1787, aliandika shajara, na humo aliwatukana wanawake wafungwa mara kwa mara kwa neno hilo hilo, akiwaongezea na mengine ambayo gazeti lenu lisingeyachapisha. Ni Clark huyo huyo ambaye mwaka 1791, katika kisiwa cha Norfolk, alizaa binti na mfungwa Mary Branham, kisha mtoto akapewa jina la Alicia, ambalo lilikuwa jina la mke wake wa ndoa aliyemwacha Uingereza. Mary Branham hakuacha shajara.

Baada ya Clark alikuja mtu wa daftari. Kasisi Samuel Marsden wa Kanisa la Anglikana, ambaye alikuwa pia hakimu na mfugaji mkubwa wa kondoo, mwaka 1806 aliwaorodhesha wanawake wa koloni, akawagawa, ukiacha wajane wachache, katika mafungu mawili: walioolewa na mahawara. Ndoa aliyoitambua ni ile iliyofungwa na kanisa lake tu. Mwanamke Mkatoliki kutoka Ireland aliyekaa na mume mmoja miaka kumi na kuzaa naye watoto watano aliandikwa hawara, Myahudi vilevile. Ndivyo wanawake zaidi ya elfu moja walivyoangukia fungu la pili, na wakubwa wa London waliolisoma daftari hilo waliona hesabu, si ndoa. Watu wa siku hizi wanaorudia kwamba koloni lile lilijaa wanawake wa ovyo wananakili daftari la Marsden, hata kama hawajawahi kusikia jina lake.

Sisi wa Lubumbashi hatuna haki ya kushangaa, kwa maana daftari la namna hiyo lilifunguliwa hapa hapa, mji ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville. Wakati wa Wabelgiji, mwanamke mzima aliyekaa mjini bila mume wa kuandikwa kwenye karatasi aliwekwa katika orodha ya wale walioitwa kwa Kifaransa femmes libres, yaani wanawake huru, naye akatozwa kodi yake peke yake. Bibi yangu mzaa mama, ambaye sisi wa huku tulimwita kambo, alikuwa mjane aliyepika munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na kuuza mlangoni pake ili watoto wale. Karani hakuuliza habari za munkoyo. Kambo alilipa, akahifadhi risiti zake katika kopo la maziwa ya unga, na hadi anazeeka alikuwa akizitoa na kuzikunjua moja moja juu ya mkeka, akisema kwamba hizo ndizo karatasi zilizomfanya ndumba bila yeye kujua. (Wasomaji wa pwani wanisamehe: huku kwetu ndumba si dawa ya mganga, ni mwanamke wa kulipwa.) Kwa hiyo nikisoma gazeti la Kiswahili, lililoandikwa na wajukuu wa wanawake kama kambo, likirudia neno la Clark na hesabu ya Marsden, nasikia ni kambo anayetozwa tena.

Sikatai kwamba wako waliojiuza. Nataka tu isemwe kwa nini. Kule Parramatta, karibu na Sydney, mwaka 1804 wanawake wafungwa waliwekwa kusokota sufu na kufuma katika orofa ya juu ya gereza, mahali palipoitwa kiwanda cha wanawake. Kazi ilikuwepo, vitanda havikuwepo. Jioni wengi wao walitolewa nje wajitafutie pa kulala mjini, na chumba kiligharimu shilingi nne kwa wiki. Mfungwa asiye na mshahara angezipata wapi shilingi nne? Hata Marsden mwenyewe, kwa haki yake, alimlalamikia gavana Macquarie kuhusu jambo hilo. Jengo jipya lilifunguliwa mwaka 1821, likichorwa na Francis Greenway, ambaye naye alikuwa mfungwa aliyeletwa kwa kughushi hati. Humo wanawake waligawanywa katika madaraja matatu, na wa daraja la tatu walinyolewa nywele. Tarehe 27 Oktoba 1827, mkate na sukari vilipopunguzwa, walivunja lango, wakaingia madukani mjini kuchukua chakula, na askari wakaitwa kuwarudisha. Mji huu, ambao wafanyakazi wake walipigwa risasi Desemba 1941 walipodai mshahara, unajua habari za namna hiyo bila kufundishwa.

Katika kisiwa ambacho leo kinaitwa Tasmania, kiwanda cha Cascades kilifunguliwa mwaka 1828 nje ya Hobart, ndani ya kilichokuwa kiwanda cha pombe, bondeni penye unyevu, chini ya mlima unaozuia jua. Mfungwa aliyepata mimba akiwa katika utumishi wa nyumba ya watu alirudishwa humo. Alimnyonyesha mtoto, na akishamwachisha ziwa alitumikia miezi sita ya adhabu, huku mtoto akibaki mikononi mwa wengine. Watoto wengi walikufa. Waliosalia walipelekwa katika nyumba ya yatima, ingawa mama zao walikuwa hai umbali wa kwenda kwa miguu. Ni nani aliyempa mimba, mara nyingi daftari halikuwa na safu ya kuliandika hilo.

Sasa nifike kwenye kitambaa. Mwezi wa Aprili 1841 meli iitwayo Rajah iliondoka Woolwich ikiwa na wanawake 180, ikafika Hobart mwezi wa Julai. Chama cha akina mama kilichoanzishwa na Elizabeth Fry, mwanamke wa dini ya Waquaker aliyekuwa akitembelea magereza, kiliwapa sindano, nyuzi na viraka vya pamba. Baadhi yao wakashona, safari nzima, tandiko moja la vipande 2,815. Lina upana na urefu wa zaidi ya mita tatu. Katikati wamekata ndege na maua kutoka katika vitambaa vilivyochapwa, wakayashonea juu ya kitambaa cheupe, na kuzunguka hapo wakapanga fremu baada ya fremu za miraba na pembetatu. Maandishi yaliyotiwa kwa uzi yanawashukuru mabibi waliotoa vifaa. Jina la mshonaji hata mmoja halimo. Lilipotea kwa zaidi ya karne, likaonekana Scotland katika miaka ya 1980, na leo limetunzwa katika jumba la taifa la sanaa huko Canberra.

Kwa miaka zaidi ya ishirini nimewafundisha wasichana wa Katuba kushona viraka vya vikwembe, na kila mwaka nimewaonyesha picha ya tandiko hilo. Huwa nawaambia watazame mishono, si maua. Mahali pengine mshono ni mdogo, umenyooka, ni mkono wa mtu aliyezoea. Kiraka cha jirani kina mshono mrefu unaopanda na kushuka, wa mtu aliyeshika sindano kwa mara ya kwanza, labda meli ikiyumba. Yumo aliyefundisha na yumo aliyefundishwa. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza mbona hawakuufumua ule mbaya. Nilimjibu kwamba mwalimu wao alikuwa na huruma kuliko mimi.

Sidai kwamba walikuwa malaika. Nchi waliyoshushwa ilikuwa ya Waeora, wenyeji wa pale Sydney, ambao hawakuulizwa na mtu, na ndui ya mwaka 1789 iliwaua wengi mno. Wafungwa waliomaliza adhabu walipata mashamba juu ya ardhi hiyo, na Mary Reibey, aliyeletwa akiwa msichana kwa kosa la kuiba farasi, akawa mfanyabiashara tajiri ambaye sura yake imo kwenye noti ya dola 20 ya Australia. Makala nzuri ingeweza kuyaeleza yote mawili, dhuluma waliyotendewa na faida waliyoipata.

Ninachoomba, Bwana Mhariri, ni masahihisho mafupi katika ukurasa ule ule uliobeba makala, si pembeni penye matangazo ya vifo. Na kama nafasi itaruhusu, chapisheni picha ya tandiko la Rajah, kwa rangi tafadhali, kwa sababu katika nyeusi na nyeupe ndege wale wa katikati hawaonekani kabisa, na nakala niliyo nayo imechakaa kwa kushikwa na mikono ya wanafunzi.

Wenu katika usomaji,
Mwalimu mstaafu wa ushonaji,
Katuba, Lubumbashi