Ramani za moto zifike wilayani

Mhariri,

Kila kiangazi nyasi za Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, huungua, kisha yanafuata mabishano juu ya ukubwa wa hasara. Afisa huja na daftari, anakadiria kwa macho, basi. Inauma, maana picha za setilaiti za Sentinel-2 zinapatikana bure, na hupigwa juu yetu kila baada ya siku 5.

Majani yenye uhai hurudisha kwa wingi miale ya infraredi iliyo jirani na mwanga tunaouona; ardhi iliyoungua hurudisha zaidi infraredi iitwayo ya mawimbi mafupi. Linganisha picha ya kabla na ya baada, kovu la moto litajitokeza. Zile ramani za dunia nzima zenye pikseli (kijimraba kimoja cha picha) ya mita 500 kila upande hazitufai: pikseli moja ni hekta 25, shamba la mtama la ekari mbili linamezwa humo. Kwa miale hiyo ya mawimbi mafupi, Sentinel-2 hushuka hadi mita 20.

Kazi ifanywe mapema, kwani mvua zikishika nyasi huchipua na kovu hufutika. Naomba kila wilaya ifunze walau kijana mmoja, na ramani ibandikwe ubaoni wafugaji waione, waikosoe.

Msomaji wenu,
Moroto