Aliyefukuzwa msiandike kahama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Moshi, nimefundisha Kiswahili miaka mingi na mpaka leo jioni nakaa barazani na watoto wa jirani nawasaidia masomo. Sasa juzi nikawapa zoezi la kawaida kabisa, tungeni sentensi kwa kitenzi FUKUZA. Wakaandika kama watoto wanavyoandika, mbwa anamfukuza paka, bibi anafukuza kuku kwenye mahindi, mwalimu amemfukuza mwanafunzi asiye na sare. Binti mmoja wa darasa la sita akaandika "Baba mkubwa alimfukuza mama kihambani," yaani kwenye shamba la ukoo lenye migomba na nyumba. Nikaweka vema maana sentensi haina kosa, alafu nikabaki na kalamu mkononi sijui niseme nini, kwa sababu mama yake namfahamu vizuri na sisi watu wazima wote mtaani tulishazoea kusema yule mama alihama.

Haikupita wiki nikasoma kwenye gazeti lenu habari ya mjane mwingine wa huku juu migombani, hedingi inasema familia yahama kufuatia mgogoro wa kihamba. Nikasoma mpaka chini. Kumbe mashemeji walikuja asubuhi wakaezua mabati, wakatoa vyombo nje, mama kalala kwa jirani na watoto wanne. Huko ndo kuhama jamani? Anayehama ni mtu aliyekaa akapanga, akatafuta gari, akafunga godoro lake, akaaga majirani, anajua anahamia wapi. Huyu hakuhamia popote, mwandishi wenu mwenyewe ameandika kalala kwa jirani.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba maneno makali mnayo na mnajua kuyatumia. Fungueni kurasa za michezo. Kocha akivunjiwa mkataba baada ya kufungwa mechi tatu mnaandika ATIMULIWA, siku nyingine AFURUSHWA, kwa herufi kubwa kabisa, na yule kocha kalipwa chake na kapanda ndege kwenda kwao. Mjane aliyeezuliwa bati na shemeji zake ndo anapewa kitenzi laini namna hiyo. Sijawahi kuona hedingi inayosema shemeji amtimua mjane, na wala sidhani ni ubaya wa mtu, ni mazoea tu, tunaogopa kugusa mambo ya ukoo.

Kitenzi kinabeba mtendaji, hilo kila mwanafunzi wangu alitoka analijua. Ukisema mama amehama, aliyetenda ni mama. Ukisema mama amefukuzwa, msomaji lazima aulize na nani. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za 1999, zinampa mwanamke haki ya ardhi sawasawa na mwanaume, lakini kama gazeti linasema alihama basi hakuna aliyevunja kitu, hakuna wa kuitwa barazani kujieleza.

Hata kuhamishwa nako mkuangalie. Mimi nimehamishwa mara mbili kazini, unaletewa barua, unapewa posho ya uhamisho (ikichelewa inachelewa lakini ipo), unafika kituo kipya nyumba hamna unavumilia, maisha yanaendelea. Neno hilohilo tukilivuta kidogo linakuwa uhamishoni, na hapo sio posho tena. Hapa hapa Moshi, Machi 1979, walikutana Waganda waliokuwa uhamishoni, watu waliomkimbia Idi Amin, wakaunda umoja wao na kumchagua Yusuf Lule awaongoze. Amin mwenyewe mwaka 1972 aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 wawe wametoka. Mpaka leo nasikia watu wanasema Wahindi walihama Uganda. Unahamaje kwa amri ya siku 90?

Na kwa wenzetu wa Meru, kule Arusha, ndo niseme kwa kirefu kidogo maana ni jirani zetu na vijana hawajui. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza ilikwenda Engare Nanyuki ikawatoa watu kama 3,000, nyumba zikachomwa, ili ardhi wapewe walowezi wachache wafuge ng'ombe. Wameru wakaambiwa waende King'ori. Wazee wakakataa, na mwaka uliofuata wakachangishana wakamtuma Japhet Kirilo mpaka New York, Umoja wa Mataifa, pamoja na mwanasheria Earle Seaton aliyekuwa anafanya kazi zake hapa Moshi. Kirilo hakusafiri mbali vile kwenda kusema watu wake wamehama, alikwenda kusema wamefukuzwa na nani kawafukuza. Mwaka jana nilikuta mwanafunzi wa sekondari kaandika kwenye insha "Wameru walihama Engare Nanyuki 1951" na mwalimu wake kapitisha. Nyumba zile zilichomwa alafu sisi kwa kalamu tunazifuta hata majivu.

Najua kuna habari nyingine ni ngumu. Ya wafugaji wa Ngorongoro kwenda Msomera, kule Handeni, nyie mlikuwa mnaandika waliohama kwa hiari, wengine wakaandika wanahamishwa kwa nguvu, na hapo siwezi kukaa Moshi nikawaamulia. Ila mwandishi aliyefika pale angewauliza wahusika wenyewe wanatumia neno gani, alafu aliandike kama walivyolitamka, hata kama familia mbili za boma moja zitatoa maneno mawili tofauti.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni dogo, kabla ya kupitisha neno kahama muulizeni ripota wenu maswali mawili, alihamia wapi na nani alimwambia atoke. Na habari ya yule mjane bado mnaweza kuirudia wiki hii, nilipita pale jana, ukuta uko wazi juu, vyombo bado viko kwa jirani na mabati yamerundikwa uani kwa shemeji.

Mwalimu mstaafu,
Moshi