Mama Gift, naomba Baba Gift anikerezee puli

Mama Gift mpenzi,

Mambo vipi, za Pasua, za watoto, mama mkwe mguu umeshapoa? Sisi huku Sakina wazima, baridi tu ya asubuhi ndo inatutoa roho, na mzee anakusalimia sana. Najua unanidai meseji, na ya kikoba unanidai pia, hayo tutaongea, kwanza nisikilize hili.

Kuna kifurushi nimempa konda wa Kosta ya asubuhi, yule yule aliyekuletea viatu vya Gift. Usitupe, sio uchafu. Ndani kuna puli ndogo ya plastiki, kile kigurudumu cha motor kinachovuta mkanda, nimeizungushia pamba, ni ya pleya ya santuri, na nataka Baba Gift anikerezee nyingine, kubwa kidogo, kwenye mashine yake. Ngoja nikueleze kwanini, maana nikikuachia umweleze kwa mdomo najua atanitengenezea ya pampu ya maji.

Unalikumbuka lile sanduku la bati la mzee mlilokuwa mnakalia na Doreen mkisukana? Ni santuri tupu mle ndani, zile ndogo za spidi 45, Morogoro Jazz, Jamhuri Jazz, Simba Wanyika ndo usiseme. Mzee akianza habari za Simba Wanyika hakuna kulala, kwamba kina Kinyonga, wale ndugu wenye bendi hiyo, kabla hawajavuka kwenda Kenya mwaka 1971 walikuwa hapahapa mjini kwetu wakiitwa Arusha Jazz, na kwamba Wakenya wametuibia mchana kweupe. Sasa shem katuletea pleya toka Marekani, nzuri jamani, mbao pembeni, sahani nzito, inaendeshwa na mkanda. Umeme wa kule volti 120, nikanunua transfoma ya kushushia, nikaunga, nikamwita mzee akae kwenye kiti chake. Muziki ukaanza, na waimbaji wote wanaimba kama wameamshwa usingizini. Mzee akasikiliza hadi mwisho kwa heshima zake, halafu akasema hawa wamezeeka kuliko mimi.

Nikamwita fundi. Akasema mkanda umelegea, akaniuzia mwingine, hola. Akasema basi motor imechoka, tutafute nyingine, hapo nikamwambia asante baba nenda salama. Nikabandika kikaratasi kwenye lebo ya santuri, nikawasha saa ya simu nikahesabu inavyozunguka. Badala ya 45 kwa dakika inazunguka 37 na nusu. Nikaenda kwenye kinanda cha kwaya nikaufuata wimbo, umeshuka funguo 3 ukihesabu na nyeusi. Hapo nikajua sio uchovu, kitu kilichochoka hakiwi na hesabu safi hivyo.

Ni hezi, Mama Gift, yaani umeme unavyopiga mara ngapi kwa sekunde. Wenzetu umeme wao hezi 60, wetu 50. Transfoma inashusha volti tu, hezi haizigusi, na motor ya aina hii haijali volti, inafuata hezi, kwahiyo kule inazunguka mara 300 kwa dakika na hapa 250. Imepungua moja ya sita, na wimbo nao umepungua moja ya sita. Pleya nzima haina hata ugonjwa! Zile za motor inayoendesha sahani moja kwa moja kama Technics haziyajui haya maana zina saketi yao ya kusimamia spidi, ila ndo hivyo, ya kupewa haichaguliwi.

Dawa yake ni puli nene zaidi. Hapa mwite Baba Gift asome mwenyewe. Puli ina ngazi mbili, ndogo kipenyo milimita 10 ya santuri kubwa, nyingine 13.7 ya hizi za 45. Atataka kuzidisha kwa 1.2 apate 12 na 16.4, ASIFANYE HIVYO. Mkanda nao una unene, milimita 0.6, lazima uingie kwenye hesabu, kwahiyo nataka 12.1 na 16.6. Najua ataguna kuhusu hizo pointi ila akikosea kidogo tu spidi inapungua tena, na mzee ana masikio. Kila ngazi aiache na katumbo kidogo katikati, asinyooshe, mkanda unajiweka wenyewe pale penye tumbo, ukinyoosha unateleza unatoka. Tundu la katikati apimie kwenye hiyo ya plastiki na litoshee bila kucheza, likicheza sauti itayumba. Shaba au alumini yote sawa. Na asije akaniambia tuzungushie seloteipu, nimeshaona watu wanafanya, kile kiungo cha mwisho wa teipu kinapita kila mzunguko na unakisikia.

Mengine nimeshayamaliza, hapo najisifu kidogo niache. Uzito wa sindano unatakiwa gramu 2, mizani ya jikoni haioni kitu kidogo hivyo, nikaenda kwa jirani yetu dalali wa tanzanite akaniazima mzani wake wa mawe. Ukasoma karati 10, karati moja si ni gramu 0.2, imekaa palepale. Dalali akauliza jiwe gani hilo dada. Watoto walitaka niunge kwenye sabufa, tukajaribu, sauti nyembamba haina besi, maana sindano inatoa umeme mdogo mno na santuri inakatwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi ili mifereji isipanuke, lazima upitie amplifaya yenye tundu la PHONO irudishe. Nimepata ya mtumba, ikawa inanguruma, nikafunga ule waya wa ardhi kwenye skrubu ya nyuma, kimya. Kwahiyo kila kitu kipo, kimebaki hicho kidude kimoja, na mzee kila jioni anauliza "wameshapata nafuu hao vijana?"

Aisee halafu santuri za sanduku lile zina vumbi la miaka, naziosha kwa maji ya betri, yale yasiyo na asidi jamani msiniue, na kitambaa laini, naenda na mifereji inavyozunguka. Nimekuta moja ina doa la rangi ya kucha. Nyekundu. Wewe au Doreen?

Haya niambie, Baba Gift shaba anayo au nitafute huku? Anaweza kuimaliza wiki hii au bado ana zile kazi za mashine za kahawa? Bei gani, na usiseme bure, bure yenu naijua, mtakuja kuikata kwenye kikoba. Doreen kweli anaolewa Desemba, na ni yule wa Himo au keshabadilisha? Gift amefaulu? Mnakuja lini Sakina, maana mzee anasema hiyo siku ya kwanza anataka watu wa kucheza nao, mimi hanitaki, ananiita bundi wa hesabu.

Konda anafika stendi saa nne, tuma mtu awahi kabla hajageuza. Na ile ya plastiki mnirudishie, hata kama mpya imetoka vizuri.

Wako,
Neema