Miwani ya kusomea ifike shehiani

Mhariri,

Mimi nashona kofia za viua, zile za tundu tundu zinazodariziwa kwa mkono, hapa Wete. Tundu za kofia ni ndogo mno, na wenzangu wengi waliokwishapita miaka 40 wanaiacha kazi kwa kuwa uzi hauingii tena kwenye sindano. Wanaacha riziki yao! Na haya si maradhi: lenzi ya jicho hukakamaa kwa umri, na miwani ya kusomea, ya bei ndogo, inatosha. Muuguzi wa kituo cha afya afundishwe kupima, apewe na miwani, mtu atoke pale pale ameshavaa.

Akipima ndipo atakapowagundua na wengine, wenye maradhi ya macho hasa. Mtoto wa jicho huondoshwa kwa operesheni fupi. Presha ya macho ndiyo inayonitisha, maana mara nyingi haiumi, na uoni ukishapotea haurudi. Wenye kisukari nao wachunguzwe macho kila mwaka, hata wakiona vizuri.

Jamaa zangu, tusiwatie wazee dawa za miti machoni. Zinaweza kuwatia vidonda.

Naiomba Wizara ya Afya ianze na kisiwa cha Kojani, ambako mgonjwa hupanda chombo kwanza ndipo apate gari.

Mshona kofia,
Wete, Pemba