Barua ya Kufunga Muhula: Mabango 19 ya Mtaa Wetu

Ndugu Wazazi na Walezi,

Salaam. Muhula umefika ukingoni, na kama ilivyo desturi nawaandikia kabla watoto hawajaanza likizo. Mambo ya kawaida nitayamaliza haraka, maana liko jambo moja ambalo safari hii linastahili nafasi kubwa.

Ripoti za maendeleo watoto watakuja nazo siku ya kufunga. Naomba mzisome mkiwa mmeketi pamoja nao, mtie saini, kisha zirudi siku ya kufungua. Mwenye kitabu cha maktaba ya shule akirudishe kabla ya likizo. Walimu wote wanaendelea nasi muhula ujao.

Sasa nije kwenye mabango.

Mwanzoni mwa muhula mwalimu wa sanaa aliniletea ombi. Alitaka wanafunzi wetu wenye ulemavu, wa madarasa yote, watengeneze mabango ya mahali wanapopapenda katika mtaa wetu, na mabango hayo yatundikwe kwenye ukuta wa lango kuu, mahali kila mtu anapita. Nilikubali bila kufikiri sana. Kwa kweli niliona ni shughuli njema ya kuwachangamsha watoto, basi. Niliyoyaona wiki zilizofuata ndiyo yamenifanya niandike kwa urefu huu. Majina sitayataja, ila watoto wenyewe na wazazi wao wameridhia nisimulie.

Somo la kwanza lilimhusu Henri de Toulouse-Lautrec, mchoraji Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1864. Akiwa na miaka 13 alivunjika mfupa wa paja moja, mwaka uliofuata akavunjika wa pili, na tangu hapo miguu yake haikurefuka tena. Alipokuwa mtu mzima aliishi Paris, kwenye mtaa wa Montmartre, na kumbi na watu wa mtaa huo ndio aliowachora kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 1891 alitengeneza bango la ukumbi wa dansi wa Moulin Rouge. Mabango ya wakati ule yalichapwa kwa mawe, kila rangi na jiwe lake, kwa hiyo msanii alichagua rangi chache na kuzitumia kwa uhakika. Watazamaji wa ukumbini aliwafanya wote kuwa kivuli kimoja cheusi, na katikati akamwacha mchezaji mwenye sketi nyeupe. Mtu aliye ng'ambo ya barabara alilielewa bango hilo kabla hajasoma neno.

Lakini lililowakaa watoto kichwani ni jingine, la mwaka 1893, la ukumbi ulioitwa Divan Japonais. Mwimbaji Yvette Guilbert yuko jukwaani, ila ukingo wa karatasi umemkata kichwa. Hata hivyo watu walimtambua, kwa sababu ya glavu zake ndefu nyeusi. Mwalimu akawauliza wanafunzi: je, glavu za mahali penu ni zipi? Swali hilo likageuka kuwa msemo wa shule. Muhula mzima nimewasikia watoto wakiulizana varandani, "Umeshapata glavu?"

Binti mmoja anayetumia kiti cha magurudumu alichagua maktaba ya mtaa. Wengi wetu tunaijua kwa ngazi zake za mbele. Yeye hakuchora ngazi hata moja. Alichora mlango wa nyuma, ule wa kupokelea mizigo, kwa sababu ndiko iliko njia ya mteremko na ndiko anakoingilia tangu akiwa mdogo. Mlango kaupaka manjano, kila kitu kingine bluu nzito. Nilisimama mbele ya bango lile nikadhani nasoma malalamiko, nikamuuliza. Akanijibu kwamba huo ndio mlango anaoupenda. Mtunza maktaba husikia magurudumu yakipanda na huja kumfungulia kabla hajagonga. Kisha akaongeza kuwa hata hivyo angependa mteremko uwepo na mbele. Kwake yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusikia moja tu.

Kijana mwenye usonji alichora daraja la waenda kwa miguu, na vyuma vya uzio wake akavichora kimoja kimoja, 118. Mwalimu alikwenda kuvihesabu, akapata 118. Mzazi mmoja aliposikia habari hiyo alinitajia Stephen Wiltshire, msanii wa London mwenye usonji, ambaye mwaka 2005 alichora mandhari ya jiji la Tokyo kwa kumbukumbu kwenye turubai la mita 10, baada ya kuliangalia jiji hilo kutoka kwenye helikopta. Nashukuru kwa mfano huo, na kijana wetu alifurahi sana kuona kazi zake. Naomba tu mfano usigeuke kipimo. Wengi wenye usonji hawana kumbukumbu ya namna hiyo, wala hawadaiwi kuwa nayo ndipo wathaminiwe. Mwenzake wa darasa hilohilo, naye ana usonji, alichora kituo cha basi kwa mistari minne na duara moja. Duara ni taa inayowaka jioni mama yake akiwa anarudi kazini. Kwangu mimi bango hilo ni miongoni mwa matatu yaliyo bora kabisa.

Jambo lililotugawanya walimu lilitoka kwa mvulana mwenye mtindio wa ubongo. Mikono yake haifuati anavyotaka, na kushika penseli kunamchosha upesi. Alichagua mti mkubwa ulio kando ya uwanja. Msaidizi wa darasa, kwa nia njema, akaanza kumchorea. Ikatoka picha safi sana ya mti. Mtoto akaitazama, akageuza uso. Kesho yake akavuta karatasi za rangi na kuanza kuzichana, maana kuchana anaweza. Vipande vikajaa mezani. Rafiki yake akawa mbandikaji: anashika kipande, anakipeleka juu ya manila, na mwenye mti anasema, "Kulia. Zaidi. Hapo." Kazi hiyo ilichukua siku tatu. Kingo zile zilizochanika zimekuwa majani kwa namna ambayo mkasi usingeweza kuyatoa.

Ofisini tukabishana: bango hilo ni la nani? Mwalimu mmoja alihisi tuandike majina mawili. Mimi nilipinga, na bado napinga. Henri Matisse, mchoraji mwingine Mfaransa, baada ya upasuaji mkubwa wa mwaka 1941, alikuwa akitumia kiti cha magurudumu na muda mwingi alifanya kazi akiwa kitandani. Alikata maumbo kwenye karatasi zilizopakwa rangi, na wasaidizi wake wakayabana ukutani kwa pini pale alipowaelekeza. Hatuambiwi kwamba kazi hizo ni za wasaidizi. Rafiki wa mvulana huyu tumemshukuru mbele ya darasa kwa uvumilivu wake, na jina lililo chini ya mti ni moja. Likizo hii mtoto wako akiomba umsaidie kuchora, mshikie gundi, mshikie karatasi, mfungulie rangi. Kipande kiende wapi, aamue yeye.

Liko pia bango la bustani ya watoto, la msichana mwenye uoni hafifu. Glavu zake ni bembea, na kwa kuwa yeye huijua bembea hiyo kwa mlio wake na ubaridi wa mnyororo, alitumia uzi mnene na gundi ili mistari iinuke juu ya karatasi. Mkija, guseni. Ndilo ombi lake, na kando ya bango ameliandika kwa nukta nundu na kwa herufi kubwa.

Siku ya kutundika tulikosea, na nataka mjue tulivyokosea. Tuliyaweka mabango yote usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama. Binti wa maktaba alipofika hakuweza kuliona lake vizuri, kwa sababu mwanga wa dirisha ulikuwa unarudi usoni pake. Tukayashusha yote. Kisha mvulana mmoja, ambaye hata hatukujua kuwa hatofautishi nyekundu na kijani, akasema tangazo letu la maonyesho halisomeki. Tulikuwa tumeandika kwa nyekundu juu ya kijani. Hali hiyo huwapata zaidi wavulana, kwa kuwa jeni zinazohusika ziko kwenye kromosomu ya X na wao wanayo moja tu. Mzazi ukiona mwanao anachanganya rangi hizo mbili mara kwa mara, tafadhali mwambie mwalimu wa darasa. Tangazo sasa ni jeusi juu ya manjano.

Kosa la tatu lilikuwa langu mwenyewe. Nilikuwa nimeandaa vibao vya chini ya kila bango: jina, darasa, na aina ya ulemavu. Nilidhani nawasaidia wageni waelewe. Wanafunzi walikuja ofisini wanne, wakiwa wamejipanga, na mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mabango ya Lautrec yameandikwa habari za miguu yake?" Vibao vikabadilishwa siku hiyohiyo. Sasa kila kimoja kina jina la msanii, jina la mahali, na sentensi moja ya kwa nini anapapenda, aliyoichagua mwenyewe. Mwanafunzi mmoja kiziwi alitoa yake kwa lugha ya alama, akaihakiki tafsiri yake mara tatu kabla ya kuipitisha.

Nije kwenye ombi langu kubwa. Siku ya wageni nilimsikia mtu mzima akisema, mtoto akiwa hatua mbili tu kutoka hapo, "Wamejitahidi, ukiangalia hali zao." Najua alikusudia sifa. Niliutazama uso wa yule mtoto na sikuona mtu aliyesifiwa. Mkija kuyaona mabango haya, nawasihi mseme na msanii habari za bango lake. Mwulizeni kwa nini bluu. Mwambieni kama hamkupatambua mahali pale, maana hilo nalo ni jibu ambalo msanii analihitaji. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unasema katika ibara ya 30 kwamba watu hawa wapewe nafasi ya kukuza na kutumia vipaji vyao vya sanaa, kwa faida yao wenyewe na pia kwa kuitajirisha jamii. Hiyo sehemu ya pili ndiyo niliyokuwa sijaielewa. Nimeishi mtaa huu miaka mingi na nilikuwa sijawahi kuona mlango wa nyuma wa maktaba.

Mabango yote 19 yatabaki ukutani likizo nzima na wiki mbili za mwanzo wa muhula ujao, na lango litakuwa wazi kila Jumamosi asubuhi. Mzazi anayehitaji mkalimani wa lugha ya alama au mtu wa kumsomea vibao atujulishe siku mbili kabla. Muhula ujao zoezi hili litakuwa la shule nzima, na wasanii hawa 19 ndio watakaowaongoza wenzao.

La mwisho. Maktaba imeomba bango la mlango wa manjano ili ilitundike kwake. Msanii alikubali kwa sharti moja, kwamba likae mbele, juu ya ngazi, si nyuma. Maktaba imelipokea sharti hilo, na watalitundika Jumatatu saa nne asubuhi. Yeye ataingia kwa mlango wake wa siku zote, apite ndani hadi mbele, na ameniomba niwaambie kuwa mnakaribishwa kuingia naye kwa huko.

Wenu katika malezi ya watoto,

Mwalimu Mkuu