Mhariri, papai bichi linatwangwa jamani, halikorogwi na mayonezi

Mhariri habari za kazi, salamu nyingi kutoka Uyole, Mbeya, huku baridi imeshashika na ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi.

Naandika kuhusu resipi ya saladi ya papai bichi mliyoitoa kwenye ukurasa wa mapishi. Mmeiita saladi ya Kithai yenye moto, alafu mnatuambia papai likwaruzwe kwa greta, likorogwe kwenye bakuli na mayonezi, asali na pilipili hoho, liingie friji lisaa lizima ndo liliwe. Pilipili hoho! Moto unatoka wapi hapo? Sisemi kitu hicho hakilikii, mtu akipenda ale, ila siyo chakula mnachokitaja, na mimi kipindi nasoma nje nilipanga nyumba moja na mama wa Kilao ambae karibu kila jioni alikuwa anakitwanga jikoni nikiwa nimekaa pembeni nashangaa, kwaiyo naomba nafasi kidogo nieleze kinavyotengenezwa, maana vitu vyake karibu vyote viko hapa sokoni Mwanjelwa wala hamna haja ya kwenda supamaketi.

Kwanza kwao. Chakula hiki ni cha Laos, ile nchi isiyo na bahari iliyobanwa kati ya Thailand na Vietnam, mto Mekong unapita, wenyewe wanakiita tam mak hoong. Thailand kipo kweli, wanakiita som tam, na sehemu kinakopendwa kupita kiasi ni Isan, kaskazini mashariki ya nchi yao, ambako watu wengi asili yao ni haohao Walao. Cha mjini Bangkok kimelainishwa, kina karanga za kukaanga, kina uduvi mkavu, sukari imezidi. Cha Kilao ni kingine kabisa, rangi yake ni ya kahawia kwa ajili ya maji ya samaki aliyevundikwa, kina chumvi, uchachu na uchungu kidogo, na pilipili mpaka masikio yanapata moto. Vyote vizuri lakini msivichanganye.

Sasa kilichonifanya nikamate simu niandike ni hiki. Nyie mnaandikia mtu wa Dar ambae papai likikaa siku tatu limeiva. Sisi huku juu papai ni ugomvi. Mpapai unataka joto, nyuzi 21 mpaka 33 ndo raha yake, na Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, ikifika Juni Julai usiku unashuka mpaka unaota moto wa mkaa. Miti inaota vizuri tu nyuma ya nyumba, inazaa, alafu matunda yananing'inia miezi na miezi yamegoma, na likija kuiva halina utamu, unakula maji. Watu wanayaacha yadondoke, wengine wanawapa nguruwe. Nimeona nyumba nyingi hapa Uyole, na ndugu zangu wa Iringa wanalia hivyohivyo. Ukitaka papai tamu unasubiri la Kyela lipandishwe na gari. Sasa kumbe lile lililogoma ndo linalotakiwa! Gumu, kijani, ukilipasua nyama yake nyeupe na mbegu bado nyeupe. Likishaanza wekundu ndani limeshaharibika kwa kazi hii, litakuwa teketeke na sukari. Yani mpapai wa nyanda za juu uvunwe ukiwa bichi, muache kuusubiria utamu ambao hauji.

Msije mkasema papai bichi ni mambo ya kigeni pia. Bibi zetu wote wanajua ukitupia vipande vya papai bichi kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe mzee inalainika, na watu wa mishkaki pwani wanalisaga wanapakaa nyama kabla ya kuchoma, ni ule utomvu mweupe, una kitu kinaitwa papaini kinachovunja nyama. Tulichokuwa hatufanyi ni kulila lenyewe. Na kwa habari ya ugeni, papai na pilipili zote mbili kwao ni Amerika, zilitawanywa duniani na meli za Wareno na Wahispania kuanzia miaka ya 1500, kwaiyo Mlao nae alizipokea ugenini kama sisi tu, tofauti yeye alizikutanisha kwenye kinu.

Hicho kinu ndo resipi yenyewe na nyie mmekiruka. Wao wana kinu kirefu cha udongo au cha mbao, mchi wa mbao, hawatumii cha jiwe kwasababu hawataki kusaga, wanataka kuchubua tu, papai lipasuke kidogo linywe ule mchuzi huku likibaki gumugumu la kutafunika. Greta na bakuli havifanyi hivyo, vipande vinabaki vikavu na mchuzi unakaa chini. Blenda ndo kabisa, unapata uji. Kinu cha mbao kila nyumba huku kipo, siyo kile kikubwa cha kukobolea mahindi, ni hiki kidogo cha kutwangia vitunguu swaumu na karanga, kama kina harufu ya karanga kioshe tu, haina shida.

Papai unalimenya, unaliosha utomvu wote (ukiwa na ngozi inayowasha vaa mfuko wa nailoni mkononi, utomvu unachoma), alafu unalishika mkono mmoja, na kisu kikali unalicharanga kwa urefu, kata kata kata za karibukaribu bila kufika kwenye mbegu, kisha unalikwangua juujuu vinadondoka vijiti vyembamba, unaligeuza unarudia. Havitalingana, vingine vinene vingine nyuzi, na ndo uzuri wake mdomoni. Kule Luang Prabang hawacharangi hivyo, wanalichana mapande mapana membamba kama utepe, kwa mtu asiyejiamini na kisu hiyo ni rahisi. Weka kwenye maji baridi robo saa likakamae, huku Mbeya maji ya bomba mwezi wa saba yanatosha friji haihitajiki, alafu likung'ute mpaka likauke. Hapo msiharakishe, papai lenye maji linafanya mchuzi wote upooze.

Kwa watu wawili watatu chukua konzi mbili nzuri za papai. Kwenye kinu anza na kitunguu swaumu punje mbili tatu na pilipili kichaa, zile ndogo zilizosimama, mgeni aanze na tatu, mimi naweka zaidi na wanangu wanakimbia jikoni. Chumvi kidogo inasaidia zisiruke machoni. Ponda zivunjike, zisiwe rojo. Tia sukari guru kijiko kimoja cha chai, na kama huna sukari ya kawaida inatosha. Alafu maganda machanga ya kunde umeyavunja vipande, yagonge yapasuke. Alafu ngogwe mbili umezikata vipande, mbichi hivyohivyo, maana Walao wanatia vibilinganya vyao vidogo vichungu na hizi ngogwe zetu ndo zinashika nafasi yake vizuri kuliko kitu chochote nilichojaribu. Nyanya ndogo tano sita umezipasua. Ndimu mbili ukamue, na ukipenda maganda yake utupie humohumo. Limao linaingia lakini ndimu ina harufu yake. Wengine wanaongeza ukwaju kidogo, nao wa Laos wanafanya hivyo wengine.

Papai linaingia mwisho. Hapa mkono wa kulia unatwanga na wa kushoto una kijiko kikubwa unapindua kutoka chini, twanga pindua twanga pindua, taratibu, siyo kwa hasira. Dakika moja na kitu hivi. Onja. Huyo mama alikuwa haonji mara moja, anaonja anaongeza ndimu, anaonja anaongeza samaki, anakupa na wewe uonje, ukisema sawa anaongeza pilipili. Ikishakubali pakua ule palepale, ukiweka friji lisaa lizima kama mlivyoandika papai linatoa maji lote na linalegea.

Nimesema samaki. Wao wanatia padaek, samaki wa maji baridi wanaovundikwa kwenye mtungi na chumvi na pumba za mpunga kwa miezi mingi, wengine mwaka, inatoka kitu cheusi kizito chenye harufu ya kukufukuza nyumbani mwanzoni, ila bila hiyo saladi haina mgongo. Mmeiacha kabisa kwenye resipi yenu na nadhani mlimuonea huruma msomaji. Wala haihitajiki kuagiza. Usipa mkavu wa Ziwa Nyasa, hawa wanaokuja na watu wa Kyela, chukua konzi moja, toa vichwa, chemsha na kikombe cha maji na chumvi ya kutosha kabisa, acha itokote mpaka ipungue ibaki robo kikombe, chuja. Vijiko viwili vya hiyo supu kwenye kinu, inayobaki inakaa kwenye chupa siku chache mahali pa baridi. Siyo padaek, simdanganyi mtu, haina ule uvundo wa mtungi, lakini inafanya kazi yake, na mzee wangu ambae hapendi majaribio alimaliza sahani akauliza kama usipa umebaki.

Na tena kuchemsha kuna maana nyingine. Kule Mekong samaki wa mtoni wana minyoo ya ini, mtu akila samaki mbichi au aliyevundikwa nusunusu anaambukizwa, na minyoo hiyo ikikaa miaka mingi inaleta saratani ya mirija ya nyongo. Isan ni kati ya sehemu zinazoongoza duniani kwa saratani hiyo, na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilishaiweka minyoo hiyo kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 1994. Ndo maana siku hizi wapishi wengi wanachemsha padaek kwanza. Kuna na wanaotia kaa wa mashambani wa mpunga, wabichi wa chumvi, hapo mimi ndo nasimama, kaa wa mtoni mbichi ana minyoo yake ya mapafu, na sitaki mtu akasome barua hii akaingia mabondeni Usangu kusaka kaa.

Wanakula na wali wao unaonata, unafinyangwa kwa vidole unachovya. Mchele wa Kyela kwa harufu hakuna anaeufikia lakini haunati, kwaiyo mimi naweka ugali, tonge ni tonge, linachovya mchuzi wa chini ya kinu vizuri sana. Kando kuku wa kienyeji wa kuchoma, ndivyo na wao wanavyofanya, pamoja na kabichi mbichi ya kupozea ulimi. Na wanatafuna ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikakauka, kwaiyo wapenzi wa kitimoto wa Mbeya, ambao najua mko wengi na mnajijua, hii saladi imetengenezwa kwa ajili yenu, ule mafuta ule uchachu, hakuna kachumbari itakayokuja kushindana hapo.

Lawama yangu kubwa kwa ukurasa wenu ni kwamba kila resipi ya nje ikifika kwenu inapakwa mayonezi, inapunguzwa ukali, inawekewa vitu vya kununua dukani, kana kwamba msomaji wa mkoani hawezi kula kitu chenye harufu. Sisi tunakula usipa, tunakula pilipili kichaa mzima na maharage, mnamlinda nani? Mkipata resipi ya nje muulizeni mtu anaepika aseme kinachoingia na kwanini, alafu mtuachie sisi wa Njombe, Tukuyu na Makambako tutafute cha kuziba nafasi, sokoni tunapajua. Watu wa Makete na Njombe najua papai kwenu ni la kununua, baridi yenu haina mchezo, ila hilo la kijani linasafiri bila kupondeka kwaiyo agizeni.

Jambo la mwisho ambalo mlitakiwa kuliandika na hamkuliandika kabisa. Mjamzito asile papai bichi. Ule utomvu unashukiwa kuchochea mikazo ya mji wa mimba, papai likiiva vizuri utomvu unakuwa umeisha ndo maana lililoiva halina neno, lakini hili la saladi ni bichi lenyewe. Na mwenye mzio wa mpira, wale wanaovimba wakivaa glavu za hospitali, nae akae mbali, utomvu wa papai unaweza kumletea hayohayo. Gazeti linasomwa na kina mama wengi, sielewi mlipitishaje bila neno hata moja.

Naomba toleo lijalo mrekebishe, toeni hoho na mayonezi, andikeni Laos, na onyo la wajawazito liwe juu kabisa kabla ya mahitaji, siyo chini kwa herufi za sisimizi.

Ndaga fijo, asanteni sana.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Uyole, Mbeya