Mchungaji anayeiamini Biblia lazima aulizwe na washirika wake

Mhariri,

Tangu serikali ilipoanza kufukua maiti za waumini wanaodaiwa kufunga hadi kufa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mnamo Aprili 2023, hadi idadi yao ikapita 400, kila mhubiri anayesema kwamba Biblia ni Neno la Mungu lisilo na kosa hutazamwa kwa jicho la shaka. Ufundamentalisti wa Kikristo, yaani msimamo huo wa kuishika Biblia kuwa haina kosa, umetajwa mara nyingi kuwa chanzo cha maafa yale, na wachungaji wa Kibaptisti huku Pwani wametiwa kundi moja na Paul Mackenzie, mhubiri anayeshtakiwa kwa vifo hivyo, kana kwamba samaki mmoja akioza basi wote wameoza. Mimi ni shemasi katika kanisa la Kibaptisti, nami naomba nafasi nieleze msimamo huo una maana gani kwa mchungaji wa kawaida, na kwa maoni yangu hatari yenyewe iko wapi.

Ufundamentalisti ulianzia Marekani, wakati vyuo kadhaa vya theolojia vilipoanza kufundisha kwamba miujiza ya Biblia haikutendeka. Mwaka 1910 mkutano mkuu wa Wapresbiteri wa huko ulitaja mambo matano ambayo kila anayetaka kuwekewa mikono awe mchungaji alipaswa kuyakiri: kwamba Maandiko hayana kosa, kwamba Kristo alizaliwa na bikira, kwamba alikufa badala ya wenye dhambi, kwamba alifufuka katika mwili, na kwamba miujiza yake ni ya kweli. Kati ya 1910 na 1915 vikachapishwa vitabu 12 vya kuitetea misingi ya aina hiyo, kwa fedha za Lyman Stewart, tajiri wa mafuta wa California, na vikagawiwa bure kwa wachungaji na wamisionari. Jina la wafundamentalisti lenyewe lilitungwa mwaka 1920 na Mbaptisti, Curtis Lee Laws, aliyekuwa mhariri wa gazeti la kidini. Atakayeyapitia mambo hayo matano hataona popote watu wakiamriwa kufunga hadi wafe, wala kuwatoa watoto shuleni, wala kuikimbia hospitali. Mackenzie, ambaye amekana mashtaka yake, alijulikana kwa kuhubiri dhidi ya shule na matibabu, na mafundisho hayo hayakutoka katika vitabu vile. James Orr wa Scotland, mmoja wa walioviandika, hakuikataa hata nadharia ya mageuko ya viumbe moja kwa moja.

Wamisionari wa Kibaptisti kutoka kusini mwa Marekani walifika Kenya mwaka 1956, na mchungaji wetu wa leo amerithi imani waliyoihubiri. Katika kazi yake ya kila siku, imani hiyo inamfanya asiuze mafuta ya upako wala maji ya baraka, asimtabirie mtu kupata kazi Ughaibuni kwa kutoa sadaka, na asihudhurie tambiko hata kama wanaomwalika ni wajomba zake. Wengine humwona mgumu, na kwa kweli ni mgumu. Lakini ugumu huo una faida ambayo wanaomlaumu hawaitaji. Kwake yeye Maandiko yamekamilika, kwa hiyo hawezi kusimama madhabahuni akatangaza kwamba usiku Mungu amemwambia jambo ambalo washirika hawawezi kulifungua wakalisoma wenyewe. Katika Matendo ya Mitume, watu wa Beroya walisifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku wakati aliyekuwa akiwahubiria ni mtume Paulo, sembuse mchungaji wa kijijini. Nimemsikia mama mzee, katika somo la Biblia la katikati ya juma, akimwambia mchungaji kwamba ameruka mstari, na mchungaji akarudi akausoma. Nabii anayejitangaza mwenyewe hawezi kuliruhusu jambo hilo, kwa sababu maneno yake hayana mstari wa kurudiwa.

Pia sisi Wabaptisti hatuna askofu. Kanisa la mahali humwita mchungaji wake kwa kura, na kwa kura linaweza kumwondoa. Uhuru huo haukupatikana bure. Thomas Helwys, aliyeanzisha kanisa la kwanza la Kibaptisti katika ardhi ya Uingereza karibu mwaka 1612, alimwandikia Mfalme James kwamba mfalme ni mwanadamu na hana mamlaka juu ya roho za raia wake, wawe wazushi, Waislamu au Wayahudi. Akafungwa katika gereza la Newgate, na huko akafia. Sisi tunaoishi jirani na misikiti, tunaozikana na Waislamu na kualikana arusini, tuna sababu ya kulikumbuka neno lake kuliko Wabaptisti wengi wa nchi nyingine.

Hata hivyo, historia ya ufundamentalisti ina kurasa zinazonihuzunisha, na sitazificha. Mwaka 1926 J. Frank Norris, mchungaji wa First Baptist Church katika mji wa Fort Worth, Texas, na mmoja wa wafundamentalisti waliovuma sana wakati ule, alimpiga risasi na kumuua mtu asiye na silaha ndani ya ofisi ya kanisa. Mahakama ilimwachilia mwaka uliofuata kwa hoja kwamba alijihami, naye akaendelea kuchunga kanisa lake kwa miaka mingi. Aliyakiri mambo yote matano bila kasoro. Alichokosa ni washirika wa kumwambia kwamba amepita mpaka. Miongo kadhaa baadaye, kuanzia mwaka 1979, wahafidhina walishika uongozi wa Southern Baptist Convention, ushirika uleule uliotuletea wamisionari, na mwaka 2000 wakapitisha tamko jipya la imani. Katika tamko hilo waliondoa maneno ya tamko la mwaka 1963 yaliyosema kwamba Biblia ifasiriwe kwa kipimo cha Yesu Kristo. Mwaka 2002 wamisionari wakatakiwa kuthibitisha kwa maandishi kwamba wanalikubali, na mwaka 2003 baadhi ya waliokataa wakafukuzwa kazini. Naamini kama wao kwamba Biblia haina kosa, lakini siwezi kukubali kwamba ushuhuda wa imani ugeuzwe sharti la ajira, kwa kuwa aliyefungwa na mshahara hujifunza kunyamaza, na kanisa la walionyamaza halina uwezo wa kumrudi kiongozi wake.

Ukimya huohuo unaanza kuingia kwetu kwa njia nyingine. Yapo makanisa yanayojiita ya Kibaptisti ambako hati ya kiwanja imeandikwa jina la mchungaji, mashemasi ni shemeji na wapwa zake, na kikao cha washirika hakiitishwi mwaka mzima. Akiulizwa kuhusu matumizi ya sadaka, hujibu kwa kunukuu agizo la kutowagusa masihi wa Bwana. Mchungaji wa namna hiyo anaweza kuwa na mafundisho safi kabisa, na bado nisingependa mtoto wangu alelewe chini yake.

Kamati iliyoundwa na Rais baada ya Shakahola ili ipitie sheria za mashirika ya kidini, chini ya uenyekiti wa Kasisi Mutava Musyimi, ambaye zamani alikuwa mchungaji wa Nairobi Baptist Church, ilikabidhi ripoti yake mnamo Julai 2024. Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda uhuru wa dhamiri, na sheria yoyote itakayotungwa isithubutu kumpima mchungaji kwa ukali wa mafundisho yake. Iulize ni nani ana mamlaka ya kumwondoa, hesabu za kanisa husomwa wapi na lini, na watoto wa washirika wanakwenda shule na hospitali au hawaendi. Waandishi wako nao wakienda kuandika juu ya kanisa lolote, waanze na maswali hayo.

Nawaomba washirika wenzangu wa makanisa ya Kibaptisti, kuanzia Lunga Lunga hadi Lamu, wasingoje sheria hiyo. Kanisa ambalo halijafanya kikao mwaka huu likiitishe sasa, hesabu zisomwe mbele ya wote, hati ya kiwanja iandikwe jina la kanisa, na mchungaji aulizwe maswali akiwa amekaa pamoja nasi.

Shemasi wa kanisa la Kibaptisti,
Kaunti ya Kilifi